Kichwa changu kilibaki hewani

Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Sisemi uchovu wa kubeba mifuko ya simenti. Huo naujua tangu ujana: unakula bugali na sombe, unalala, kesho umesahau. Huu ulikaa mabegani na kisogoni, haushuki. Kabla ya saa nne asubuhi, hata suruali ya kwanza sijaikunja pindo, mikono ilikuwa mizito na macho yananichoma. Mtu akiniita kwa nyuma, niligeuka mwili mzima, maana shingo peke yake haikugeuka tena.

Mimi ni fundi cherehani hapa Goma, mashariki mwa Kongo, upande wa Birere. Nimekaa kwenye mashine miaka 23. Kazi yetu ina majira kama shamba. Mwezi wa nane hadi wa tisa ni sare za shule, mashati meupe na nguo za bluu, na wazazi wote wanakuja wiki ileile moja. Desemba ni nguo za sikukuu. Halafu inakuja tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, na hapo akina mama wa makanisa, wa vyama na wa masoko kila kundi linaleta kikwembe (kitenge) chake, na kila mama ana modeli yake kwenye simu. Zamani nilichoka katika majira hayo, kisha nikapumzika. Tangu mwaka 2021 nikawa nachoka mwaka mzima.

Kwetu uchovu una jina moja: malaria. Ukisema umechoka, jirani anakuambia ni malaria, mke anasema ni malaria, na kijana wa duka la dawa ameshaanza kukuhesabia vidonge. Mara tatu katika mwaka mmoja nilimeza dawa za malaria bila hata tone la damu kupimwa. Mara ya nne nikaenda kituo cha afya, na muuguzi wa pale, mama mtu mzima, akakataa kuniandikia chochote kabla ya kunichoma kidole. Malaria haikuwepo. Akapima kama damu imepungua, akapima sukari. Akaniuliza kama napungua uzito, kama natokwa jasho usiku, kama ninakohoa, kama vidole vinakufa ganzi au vitu vinanidondoka mkononi. Yale maswali nilidhani ni ya kupoteza muda. Leo namshukuru yule mama kuliko wote, kwa sababu kuna uchovu wa kifua kikuu, kuna uchovu wa kupungukiwa damu, kuna wa tezi ya shingo, na huo hata ukandwe mwaka mzima hautoki. Ukitaka kuiga chochote katika haya ninayoandika, anzia hapo kwa kupimwa.

Vipimo vyote vikatoka vizuri. Nilirudi nyumbani na furaha kidogo na hasira kidogo. Kama siumwi, mbona nimechoka hivi? Nikaangukia diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Kidonge kimoja asubuhi, baadaye viwili, miezi karibu minne, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto usiku na mke wangu akavificha.

Sasa niseme jambo la kinyozi, maana bado linafanyika kila siku na sitaki mwingine aumie. Ukimaliza kunyolewa, kijana anakushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwingine, anazungusha kichwa polepole kama anayekubembeleza, halafu ghafla, kraa! upande huu, kraa! upande ule. Kwa nusu saa unajisikia mwepesi kweli. Mimi nililipenda. Nilikuwa narudi hata nywele hazijaota. Siku moja alipozungusha upande wa kushoto, chumba kizima kikazunguka pamoja na kichwa na hakikusimama. Nilitapika mlangoni pa saluni. Nililala siku mbili nikishika kitanda kwa mikono miwili, kila nikifungua macho dari inateleza. Yule kijana alikuja nyumbani kuniona, ameleta ndizi, ana huzuni. Naye alifundishwa na mwenzake, na mwenzake alifundishwa na mwingine.

Mdogo wangu yuko Durban, Afrika Kusini, kama watu wengi wa kwetu huku mashariki. Analinda magari kwenye maegesho, kazi ya kusimama saa kumi na mbili kwa siku. Nilipomsimulia habari ya kinyozi alinitumia sauti kwenye WhatsApp, ndefu, kwa ukali ambao mdogo hamwambii yaya, yaani kaka yake mkubwa, mara nyingi. “Yaya, shingo haichezewi.” Kumbe yeye mwenyewe mgongo ulikuwa umemsumbua, na alikwenda kwenye kliniki ya chuo kikuu cha teknolojia cha pale Durban, ambako wanafunzi wanajifunza kairopraktiki, tiba ya mgongo na viungo kwa mikono, huku walimu wao wamesimama pembeni. Alisema walimuuliza maswali karibu saa nzima kabla ya kumgusa. Na walipomgusa hakusikia kraa yoyote. Walitumia kidude kidogo chenye springi, kama kalamu nene, kinachogonga tup, tup, kwa nguvu ndogo, halafu mikono, polepole.

Nikaanza kusoma usiku kwenye simu. Kazi hiyo ya kairopraktiki ilianzia mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, kwa mtu anayeitwa D. D. Palmer. Mgonjwa wake wa kwanza, Harvey Lillard, alikuwa mfagiaji wa jengo, na alikuwa na shida ya kusikia. Jina lenyewe ni la Kigiriki, lina maana ya kazi ya mikono. Palmer aliamini karibu magonjwa yote yanatoka kwenye pingili za mgongo zilizohama mahali pake. Hilo halikuthibitika, na wapo mpaka leo wanaouza ahadi hiyo. Ukimkuta anayekuambia atakuponya sukari au pumu kwa kugonga mgongo, chukua kofia yako uondoke. Lakini kwa maumivu ya mgongo wenyewe habari ni nyingine. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na ndani yake tiba ya mikono kwenye uti wa mgongo na kukandwa vimo katika mambo yanayoweza kupendekezwa, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Ile mikanda ya kufunga kiuno, ambayo hapa kwetu inauzwa sana, mwongozo huo haukuipendekeza. Niliyaelewa hayo kama mtu anayejua kwamba mimi nilikuwa na shingo na uchovu, siyo kiuno. Yalinipa tu moyo wa kutafuta mikono iliyosoma.

Goma ukiuliza kairopraktori watu wanakutazama. Tunachokijua ni kine, yaani mtaalamu wa kutibu misuli na viungo kwa mikono na mazoezi. Nilimpata mmoja kwenye kituo kidogo upande wa Katindo, dada wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, anavaa kabuti nyeupe iliyofupishwa mikono (niliona mara moja kwamba aliyeifupisha hakufungua mshono wa zamani). Jambo la kwanza alisema: “Papa, mimi si kairopraktori, niko kine. Nitakugusa polepole, na ukisikia vibaya unaniambia.” Nilipomweleza ya kinyozi aliacha kuandika. Alichora shingo kwenye karatasi, pingili saba, na akapitisha mistari miwili ya bluu ndani ya matundu ya pembeni. Hiyo ni mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo kupitia ndani ya mifupa yenyewe ya shingo. Ukizungusha kwa nguvu na kwa ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, na donge likaenda kwenye ubongo. Ni mara chache, alisema, lakini mtu anayepata anapata kiharusi, na anaweza kuwa kijana. Mwenye kizunguzungu kama changu, kinachokuja baada ya shingo kuvunjwavunjwa, anapaswa kwenda hospitali siku ileile, siyo kushika kitanda. Na ile sauti ya kraa niliyoipenda, nikidhani ni mfupa unarudi mahali pake, ni mapovu ya hewa kwenye maji yaliyo ndani ya kiungo.

Akanilaza chali. Akakaa kwenye kiti nyuma ya kichwa changu, akaingiza viganja viwili chini ya kisogo, akanyanyua kichwa kidogo tu, labda upana wa vidole vitatu.

“Papa, niachie kichwa.”

“Nimekuachia.”

“Bado.”

“Nimekuachia, docta. Kiko mikononi mwako.”

Hakunijibu. Nikasikia viganja vinashuka, polepole, mpaka ngozi yake haikugusa nywele zangu tena. Nilingoja kichwa kianguke kwenye kitanda. Hakikuanguka. Kilibaki hewani, kimeshikwa na shingo peke yake, na mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba nimelegea kabisa. Dada yule akasema taratibu, “Unaona?” Nikaona. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, maana nilielewa kwa mara moja kwamba kitu kile nilikuwa nakifanya mchana kutwa, na usiku pia, miaka, bila kujua.

Baadaye aliniambia nikunje ngumi na kuikaza mpaka aseme basi. Alinyamaza dakika nzima, pengine zaidi. Mkono ulianza kutetemeka. “Fungua.” Kiganja kilikuwa kimepauka, kisha damu ikarudi, naiona ikijaa kuanzia vidoleni. Msuli ukikazwa unabana mishipa yake yenyewe, akasema, damu inapita kwa shida, na msuli unafanya kazi bila kula vizuri. Ngumi naweza kuifungua kwa sababu naiona. Misuli ya mabega na ya chini ya kisogo siioni. Na kichwa cha mtu mzima kina uzito kama wa kilo tano; kikikaa juu ya shingo wima kinabebeka, kikiinama mbele ya sindano ni kama mtu anayeshika mfuko wa maharage wa kilo tano kwa mkono ulionyooshwa, kuanzia saa mbili mpaka jioni.

Tiba yenyewe ilikuwa na upole kiasi kwamba mara ya kwanza nilifikiri nimeibiwa hela, ambazo ni bei ya kushona suruali moja. Aliweka ncha za vidole chini ya kisogo, pale mifupa ya kichwa inapokutana na shingo, akangoja. Hakusugua. Alingoja tu, dakika mbili, tatu, mpaka kitu kikalegea chenyewe chini ya vidole vyake kama fundo la uzi ambalo umeacha kulivuta. Kisha aliniambia nisukume kiganja chake kwa upande wa kichwa, kwa nguvu ndogo sana, “kama unasukuma yai”, nihesabu mpaka sita, niache. Baada ya kuacha, shingo ilikubali kwenda mbele zaidi kidogo. Tukarudia. Bega aliliinua akalishusha, akalizungusha, akalikanda juu kwa upana wa kidole gumba. Hakuna mahali alipolazimisha. Msuli ulioogopa ukiulazimisha unakaza zaidi, na mimi hilo ningelijua zamani: kitambaa kikikwama chini ya mguu wa cherehani hukivuti, unainua mguu wa mashine kwanza.

Usiku ule nililala mpaka asubuhi. Kisha siku ya tatu uchovu ukarudi wote kama ulivyokuwa. Nilikata tamaa na nilikaribia kuacha.

Kilichonirudisha ni kazi aliyonipa. Aliniagiza mwanafunzi wangu anichukue video nikishona, bila kunionya. Kijana akanichukua. Nilipoitazama sikumtambua mtu yule. Bega la kushoto limepanda karibu na sikio. Meno yamebanwa mpaka taya inaonekana kuvimba. Na jambo ambalo sikulijua kabisa: nikiingiza mshono mrefu, wa upande wa suruali, kuanzia kiunoni mpaka pindoni, sipumui. Nashika pumzi mpaka uzi ukatwe. Hesabu mishono ya siku moja. Kine aliitazama mara mbili akasema sasa tumepata ugonjwa wenyewe.

Basi tulifanya mambo mawili kwa pamoja, mikono yake mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, na mimi kurekebisha kibanda. Meza ya kukatia ilikuwa chini mno, niliirithi kwa fundi mfupi kuliko mimi. Niliipandisha kwa mawe manne ya lava. Hapa kwetu mawe hayo hayanunuliwi, yamejaa kila uwanja. Kigoda nilikiongezea mto wa vipande vya vitambaa. Cherehani niliisogeza mlangoni kwenye mwanga, kwa sababu nilikuwa nainama siyo kwa ajili ya sindano, nilikuwa naitafuta gizani, na umeme mnajua wenyewe. Kila nikimaliza bobini moja nasimama, mikono inaning’inia, napumua mpaka tumbo linatoka, natikisa taya. Mwanafunzi ananikumbusha. “Mukubwa, bega.” Anasema mara nyingi kwa siku, na nashusha.

Siku moja katikati ya zile wiki sita, mkono wake ukiwa juu ya bega la kushoto, aliniuliza lilibeba nini. Nilitaka kujibu kwamba ni mkono unaoongoza kitambaa, na huenda ndiyo sababu yote. Lakini nikajikuta nasimulia mambo mengine. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, tulipoona mbingu nyekundu juu ya Nyiragongo, volkano yetu. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi haikusimama. Ilitetemeka siku na usiku, kuta zinapasuka, tukilala na viatu miguuni. Tarehe 27 agizo la kuhama likatoka. Mke wangu alibeba mtoto na sufuria. Mimi nilifungua kichwa cha cherehani kwenye meza yake, nikakifunga kwa kikwembe, nikakiweka bega la kushoto, nikatembea nacho mpaka Sake, karibu kilomita 25. Ni chuma kitupu. Watu walikuwa wengi barabarani hata huwezi kubadilisha bega bila kumgonga mwenzako. Kule Sake tulilala chini, darasani, na nililala nimekikumbatia.

Alinisikiliza mpaka mwisho na mkono hakuutoa. Alisema mwili ulioogopa unakaza misuli ili uwe tayari kukimbia, na kwamba ukikaa katika hofu miezi mingi unaweza kusahau kulegeza. Siwezi kuapa kwamba bega langu lilitokana na njia ya Sake. Na baada ya ile safari, Januari 2025 nayo ilikuja, vita vikaingia mjini, na kila aliyekuwa Goma anajua alivyolala. Ninachojua ni kwamba sikuwahi kumsimulia mtu habari za ile cherehani begani, na siku ile nilipoinuka kitandani bega lilikuwa limeshuka, na yeye akanionyesha kwenye kioo.

Sijapona kama watu wanavyosema kupona. Nikishona mpaka usiku siku tatu mfululizo, bega linarudi juu, nalisikia linapanda kutoka katikati ya mgongo. Tofauti ni kwamba sasa nalisikia likiwa bado bichi. Diklofenaki sijameza tangu wakati ule. Kinyozi wangu ni yuleyule. Ananyoa, anapaka spiriti, anaacha, na nimemwona akikataa kumvunja shingo mteja mwingine aliyemwomba. Mke wangu anasema taya langu halisagi meno tena usiku, isipokuwa mara mojamoja.

Mara ya mwisho ya wiki zile sita kine aliingiza tena viganja chini ya kisogo, akanyanyua, akashusha mikono bila kuniambia. Kichwa kilifuata mikono mpaka chini. Nilisikia kinagusa kitanda, kizito.

Vikwembe vya tarehe 8 Machi vimeshaanza kuingia. Nimepokea vya kundi moja la akina mama wa soko la Virunga, vipande thelathini na kitu, na modeli zina mikono ya mapande makubwa ambayo inashonwa kwa kuinama. Nimeongea na dada kine anishikie nafasi kila Alhamisi jioni mpaka siku hiyo ipite, na nimemwomba amtengee muda mwanafunzi wangu pia, maana juzi nilimtazama akishona mshono mrefu, na hakuwa anapumua.